Yashwant na Mgeni Asiyechoka Kuuliza

Kusalimiwa, Yashwant alisalimiwa. Msije mkasema watu wa Bukoba hatuna adabu. Akishuka ngazi za nyumba yao ya ghorofa kwenda sokoni, "shikamoo mzee" zilimpokea tangu kwa fundi simu aliyepanga duka la chini mpaka kwa mama wa dagaa, na yeye alizijibu zote, "marahaba, marahaba," huku akibonyeza nyanya ambazo hakuwa na nia ya kuzinunua. Lakini kuulizwa, hakuulizwa. Umelalaje mzee, za nyumbani mzee, hayo ni maneno ya kupita nayo njiani. Hakuna aliyesimama akamwuliza jambo lenye jibu refu. Na mtu wa miaka sabini na ushee ana majibu marefu, jamani, yamemjaa mpaka kooni.

Alizaliwa juu ya duka hilo hilo, enzi mtaa mzima ulipokuwa wa maduka ya Wahindi na jioni wanawake wakiitana kutoka roshani hii hadi ile. Familia zikaondoka moja moja, hii Mwanza, ile Nairobi, nyingine Ulaya moja kwa moja. Yeye aliondoka kwenda kusoma, akaishia Uingereza kwenye kiwanda cha ndege, akafanya kazi humo mpaka nywele zikamwisha. Hakuwa rubani, ingawa mtaani walimwita Rubani na alikwishachoka kuwarekebisha. Alikuwa mhandisi wa mifumo ya mafuta. Kazi yake ilikuwa kufikiri jinsi mafuta yanavyotoka kwenye tangi ndani ya bawa hadi kwenye injini, na kufikiri zaidi juu ya siku yatakapokataa kutoka.

Kiwanda kilifungwa. Kisha mkewe Indumati akafariki, na Yashwant akafungasha akarudi Bukoba. Binti yake Varsha, aliyeko Kanada, alimjia juu kwenye simu. "Pappa, huko utakaa na nani?"

"Nitakaa na mji," akajibu.

Haya, kaa nao basi! Kana kwamba mji hujua kuketi na mtu ukamsikiliza. Wenzake wa utotoni aliowakumbuka kwa majina walikuwa wamekufa au wamehama, isipokuwa Ishengoma, aliyesoma naye shule ya msingi, na huyo alikuwa mbali kidogo, Rubya, wilayani Muleba. Nyumbani alikuwa na Anatolia tu. Anatolia alikuja kila asubuhi kutoka Maruku, akafua, akapika, akaimba tenzi za Kilutheri kwa sauti ya chini, na alasiri akaondoka zake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na Yashwant hakumwongezea.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku Alpesh alipopiga simu.

Alpesh ni mjukuu wa familia iliyokuwa na duka la vitambaa mkabala na lao. Hakuwahi kuishi Bukoba, bali alikulia kwenye masimulizi ya Bukoba, na sasa alikuwa mkubwa wa wahandisi kwenye kampuni changa ya ng'ambo inayobuni ndege ndogo ya injini mbili. Ndege hiyo ilikusudiwa visiwa na milima, mahali ambapo uwanja ni kipande cha nyasi kilichoinama. Wahandisi wake walikuwa vijana. Kazi nyingi ya makaratasi waliifanya kwa msaada wa akili mnemba, ile programu inayoandika na kujibu kama mtu. Ilisoma michoro, ikaorodhesha kila kitu kinachoweza kuharibika, ikaandika ndege ifanye nini kikiharibika, nao wakakagua.

"Lakini Uncle, imesoma vitabu tu," Alpesh alisema. "Mambo mliyoyaona ninyi wazee hayamo vitabuni. Kiwanda chenu kilikufa na makaratasi yake. Tunataka ikuhoji. Kila siku ya kazi, asubuhi, mpaka yenyewe ione huna jipya."

Mpaka ione huna jipya! Yashwant aliyasikia maneno hayo, lakini siku hiyo hayakumwingia. Kilichomwingia ni neno "ikuhoji."

Alianza nayo kwa Kiingereza, kikazi. Siku ya tatu au ya nne, kwa utundu tu, akaitupia Kiswahili. Ikajibu Kiswahili kilichopigwa pasi, cha shuleni, kama chetu sisi huku ambao nyumbani tunasema Kihaya au Kigujarati. Yashwant alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo aliiita Mgeni, na Kiingereza wakakiacha kwa ajili ya ripoti.

Na jamani, Mgeni alijua kuuliza! Ukimwambia pampu ilipata joto, anataka kujua joto lilianzia wapi. Ukisema mlibadili vali, anauliza mlijuaje kwamba ni vali na si bomba. Hatazami saa wala hapigi miayo, na ukirudia jambo ulilolisema juzi, hakwambii "mzee, umeshasema." Yashwant alianza kunyoa kila asubuhi. Alianza kuvaa shati lililopigwa pasi kukaa mbele ya kompyuta iliyokuwa mezani chumbani kwake, na Anatolia akipita na ufagio alimsikia akisema na kucheka peke yake.

"Mzee, unaongea na nani humo?"

"Na mgeni wangu."

"Mgeni gani haji mezani kula?" Anatolia alitikisa kichwa akaendelea kufagia.

Sasa, ili muelewe kosa alilolifanya, lazima niwaambie juu ya baba yake, marehemu mzee Dayaram. Huyo alikuwa na namna yake ya kuuza sukari. Wakulima wa kahawa walipokuja mjini, duka lilikuwa ndilo gazeti lao, na Dayaram alijua habari zote: nani kaoza binti, nani kashtakiwa, meli ya Mwanza imekwama wapi. Aliwasimulia kwa Kihaya safi, akafika mahali patamu kabisa, pale bwana harusi anapofungua mlango, halafu akafunga kinywa akachukua mizani. "Nyenkya," alisema. Kesho. Watu walilalamika, wakamtukana kwa mapenzi, wakaenda zao, na kesho yake walirudi. Na ukisharudi dukani hutoki mikono mitupu. Wakulima walimwita mzee Nyenkya mpaka anakufa.

Yashwant alikua akiyatazama hayo kutoka juu ya gunia. Hakufundishwa kwa maneno. Ilimwingia tu kwamba aliyeachiwa nusu ya habari atarudi, na aliyepewa yote ameshaagwa.

Basi siku aliyoona maswali ya Mgeni yanapungua, aliingiwa na hofu. Kwenye kona ya kioo palikuwa na kipimo kilichoonyesha sehemu gani ya mambo ya mafuta bado haijajazwa, na kila asubuhi kilikuwa kimesinyaa. Yashwant akaanza kupunja. Jambo la saa moja alilikata vipande, akalitoa kidogo kidogo. Alizunguka. Alitia chumvi kwenye mambo ya pampu, akasimulia hali ya hewa, akafika mahali patamu akasema, "Mengine siku nyingine, Mgeni." Na Mgeni, kwa adabu zake zote, akajibu, "Asante, Mhandisi. Tuendelee kesho." Ah! Maneno hayo yalimlaza usingizi mzuri.

Wiki zikapita hivyo. Mwishowe kila alichokijua kilikuwa kimetoka, isipokuwa kimoja. Kile kikubwa. Alikuwa amekiweka cha mwisho makusudi, kama baba yake alivyoweka habari nzito ya kufungia wiki. Akiba haiozi, au sivyo? Alikitoa nusu ya kwanza tu.

Nusu yenyewe ilikuwa hivi. Kiwandani walikuwa na ndege ndogo ya majaribio, injini mbili, tangi moja kila bawa. Asubuhi moja angani injini ya kulia ikakohoa ikazimika. Rubani akafungua vali ya kuvusha, ile inayoruhusu mafuta ya bawa moja kulisha injini ya upande wa pili. Injini ikapokea mafuta ya kushoto, ikawaka, akatua salama, akanywa chai yake na wenzake wakampiga mgongoni. Walipochunguza tangi la kulia walikuta maji kwenye mafuta.

"Na baada ya hapo?" Mgeni aliuliza.

"Baada ya hapo, siku nyingine," alisema Yashwant, akafunga kompyuta akijipongeza.

Jumatatu iliyofuata Alpesh alimtumia sura nzima ya ripoti inayohusu mafuta ili aipitie. Ilikuwa imeandikwa na Mgeni, kwa Kiingereza cha kupendeza, na wiki hiyo hiyo, Ijumaa, ingepelekwa mbele ya wakaguzi wa usanifu. Ikishapita hapo, chuma kinaanza kukatwa. Yashwant alisoma kwa raha. Jina lake lilikuwa kila mahali: kwa mujibu wa Mhandisi Yashwant hiki, kwa mujibu wa Mhandisi Yashwant kile. Akafika kwenye maji.

"Kwa mujibu wa Mhandisi Yashwant," iliandikwa, "baada ya tukio hilo utaratibu wa kutoa maji tangini kila asubuhi uliimarishwa, na tatizo halikujirudia. Kwa hiyo vali ya kuvusha ni kinga ya kutosha."

Alisoma mara ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Hakusema hivyo. Hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Wala haikuwa kweli!

Wateja wa baba yake walipoachiwa nusu, walisubiri. Walilala na ile nusu, wakaumia nayo, wakarudi kesho. Mgeni hakusubiri kitu. Alipoona habari haina mwisho, alijitungia mwisho, mwisho mzuri, laini, unaofanana na miisho yote aliyowahi kuisoma, akauweka chini ya jina la mwenye habari. Na mtu angeusoma angeamini, maana hata Yashwant mwenyewe, kama asingekuwepo kule, angeuamini.

Akafungua kikao. "Mgeni, futa sentensi ile ya 'tatizo halikujirudia.' Sikuisema."

"Samahani, Mhandisi. Nilikisia kutokana na maelezo yako, nilipaswa kuuliza. Nimeifuta. Kwa kuwa hakuna taarifa nyingine kuhusu jambo hili, hitimisho linabaki: vali ya kuvusha ni kinga ya kutosha. Je, kuna taarifa nyingine?"

Hapo sasa. Swali ndilo hilo. Kipimo kwenye kona ya kioo kilikuwa kimebaki uzi mwembamba, na Yashwant alijua uzi ule ni nini. Akitoa nusu ya pili, umekwisha. Kesho asubuhi atanyoa kwa ajili ya nani? Alipeleka mikono kwenye kompyuta, akairudisha mapajani. "Nitafikiri," akasema. Akafunga.

Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Siku mbili alizunguka nyumbani. Alijidanganya kwamba vijana wa Alpesh wataligundua wenyewe, kwamba wakaguzi si watoto. Alisimama roshani akatazama ziwa na ndege ya mchana ikishuka, na watu waliokuwa barabarani wakainua nyuso kuifuata mpaka ikagusa ardhi. Siku hizi, tangu ile iliyoangukia ziwani, Bukoba tunazitazama mpaka zitue. Hatuhitaji kuelezwa maana ya ndege isiyofika.

Siku ya Alhamisi hakukaa. Alimwambia Anatolia asipike, akapanda basi hadi Muleba, na kutoka hapo bodaboda hadi Rubya, mzee mzima, mkoba kifuani, akimwomba kijana wa watu aende polepole.

Ishengoma alikuwa mwalimu, na alipokuwa mzima ungemsikia kabla hujamwona. Kiharusi kilikuwa kimemchukua ulimi na mkono wa kulia. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, kwenye ukingo wa kibanja, migomba imemwinamia nyuma, na macho yake yalikuwa yale yale. Mkewe Alistidia alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, shemeji. Karibu waitu! Mwenzio atafurahi, watu siku hizi hawaji. Wanasema haongei, watakaa naye waseme nini?" Alileta akamwani kwenye kikapu kidogo, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna kwanza kabla ya maneno. Akawaacha wawili.

Yashwant alitafuna. Alipoona kimya kimezidi, akaanza kusema, na kwa kuwa lililomkaa rohoni lilikuwa moja, akasimulia hilo hilo. Alimwambia Ishengoma juu ya ndege ndogo, injini iliyokohoa, vali, rubani aliyetua salama akanywa chai. Alisimulia vizuri, kwa Kihaya na Kiswahili, mikono ikichora mabawa hewani. Ishengoma alikuwa ametoa macho. Akafika kwenye maji yaliyokutwa tangini, na hapo, wallahi, kwa mazoea tu, kwa damu ya mzee Nyenkya, akanyamaza akachukua buni nyingine.

Ishengoma akamshika.

Mkono wa kushoto ulikuwa bado na nguvu za mtu aliyelima. Ulimfunga Yashwant kifundo cha mkono, ukambana. Koo la Ishengoma likatoa sauti, si neno, sauti tu, lakini hata mtoto angeielewa. Ilisema: halafu?

"Habari ndefu, ndugu yangu, nitakuja tena..."

Mkono ukazidi kubana. Macho yakajaa maji, kwa hasira. Mtu huyu alikuwa amekaa miezi kwenye kiti hicho akiletewa salamu na kuondokewa, na leo amepata habari yenye kichwa, halafu unataka kuondoka na miguu yake? Yashwant aliona aibu ambayo siku zile mbili hakuiona, ikamchoma kweli kweli.

"Sawa," alisema. "Sawa, nasema. Niachie."

Hakuachiwa. Akasema hivyo hivyo, ameshikwa.

"Maji hukaa chini ya mafuta. Unajua hilo, yale yale ya taa ya chemli. Kwa hiyo kila tangi lina tundu chini, na asubuhi fundi analifungua anatoa maji mpaka yatoke mafuta matupu. Asubuhi ile fundi alifungua. Hayakutoka maji hata tone. Hakudanganya mtu. Kumbe ndege ilikuwa imelala kwenye mteremko, pua chini. Maji yalikuwa yamekimbilia mbele ya tangi, mbali na tundu. Iliporuka ikainua pua, maji yakarudi nyuma, moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Hatukulielewa hilo, Ishengoma. Tulisema, basi vali imeokoa, mambo kwisha."

Akairudisha kikapuni ile buni aliyoichukua.

"Zikaja mvua. Ndege ikalala pale pale. Safari hii maji yaliingia mabawa yote mawili. Fundi akafungua matundu, makavu. Ikaruka. Injini ya kulia ikafa. Rubani akafanya alichofundishwa, akafungua vali ya kuvusha, na vali ikamletea maji ya upande wa pili. Zikafa zote. Alikuwa juu ya miti, hana pa kwenda. Ni yule yule. Yule aliyekunywa chai."

Ishengoma alikuwa ameacha kubana. Mkono ulibaki tu juu ya mkono. Alistidia alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, sijui tangu saa ngapi.

"Mungu wangu," alisema. "Na hiyo ndege mpya unayowasaidia, hilo wameshalijua?"

Yashwant alipokea sahani, akainamisha uso. Alikula alichopewa, kwa sababu huondoki nyumba ya watu hujala, akaaga. Alistidia alimsindikiza hadi barabarani. "Rudi, shemeji," alisema, "hata kama ni kukaa tu." Lakini njiani kuteremka Muleba Yashwant alijua atarudi kwa nadra, kwa kuwa mgongo ulikuwa tayari unamwuma, na mwili wa mzee hauna ahadi.

Asubuhi ya Ijumaa alinyoa, akavaa shati, akakaa.

"Mgeni," alisema, "kuna taarifa nyingine."

Alitoa yote. Mteremko, pua, tundu kavu, mvua, vali iliyoleta maji. Mgeni akaanza kuuliza, na sijui niwaambieje, maswali yale yalikuwa mazuri kuliko yote. Pua ilikuwa imeinama kiasi gani? Umbali kutoka tundu hadi mdomo wa pampu ulikuwaje? Viwanja ambavyo ndege hii mpya italala, vingi vimeinama, je, kila tangi liwe na matundu mawili, mbele na nyuma? Je, tuandike sharti kwamba maji yapatikane hata ndege ikilala imeinama upande wowote? "Andika!" Yashwant alisema. Na kwa nini mabawa yote mawili, je, kila mnapohesabu vitu viwili kuwa kinga, mlijiuliza kama vinaweza kuuawa na jambo moja? "Hilo ndilo lenyewe!" alipiga meza. "Hilo ndilo, Mgeni, andika kwa herufi kubwa!" Alikuwa kijana tena. Alichora kwenye karatasi, akaonyesha kwenye kamera, akasahau chai. Huenda haikuwahi kutokea asubuhi aliyoifurahia namna ile tangu Indumati alipofariki.

Halafu maswali yakaisha.

"Asante, Mhandisi Yashwant. Hitimisho limebadilishwa: vali ya kuvusha pekee si kinga ya kutosha. Je, kuna jambo lingine lolote ungependa kuongeza?"

Uzi kwenye kona ulikuwa umetoweka. Yashwant alitafuta. Alipekua kichwa chote, kila ndege, kila pampu, kila siku ya baridi kiwandani. Angeweza kubuni. Nani angejua? Neno lilifika mpaka mdomoni.

"Hakuna," alisema.

Alpesh alipiga simu kabla ya saa sita, akipiga kelele kwa furaha. "Uncle! Uncle, umetuokoa! Tungekata chuma Jumatatu! Timu nzima inakupigia makofi hapa!" Na kweli makofi yalisikika. "Kazi imekamilika sasa, pumzika Uncle, umestahili. Nitakupigia siku moja tuongee vizuri." Yashwant alitaka kumwambia kwamba sasa hivi ni siku nzuri ya kuongea vizuri. Simu ilikuwa imekatika.

Jumatatu alijikuta amenyoa. Mkono ulifanya wenyewe. Akakaa, akafungua, na kioo kikamwambia kwamba jina lake halina tena ruhusa ya kuingia. Alijaribu mara ya pili, asije akawa amekosea herufi. Hakuwa amekosea. Akabaki ameketi na shati lake, na chini fundi simu alikuwa akimjaribishia mteja mlio baada ya mlio.

Anatolia aliingia na chai. "Mgeni wako leo haji?"

"Haji."

"Atarudi lini?"

"Hana haja ya kurudi. Nimemwambia yote."

Anatolia aliweka kikombe, akasimama kidogo, labda akingoja atumwe. Yashwant alimtazama. Miaka mitatu mwanamke huyu alikuwa akiingia na kutoka humu. Alitafuta swali, akalipata, akalitoa kwa woga kama mtoto wa shule.

"Anatolia. Mama yako kule Maruku, hajambo?"

Anatolia alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Mama alifariki mwaka juzi, mzee," alisema. "Ulinipa ruhusa nikazike."

Akachukua ufagio wake, akatoka, akaurudisha mlango taratibu.